Maji ya Baridi, Hadithi Ndefu

Nimeshika mikono na miguu ya watu kwa miaka kumi na minane, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema Bwana Plasta, kwa mema na kwa mabaya, basi ni mimi. Daktari huvuta mfupa, Bwana Plasta hufunga, na mimi nesi hushika. Chumba chetu kiko mwisho wa korido ya chini, kati ya chumba cha eksirei na stoo ya magongo. Kina kitanda kirefu chenye ngozi iliyochanika pembeni, sinki linaloziba kila wiki, ndoo mbili, saa ya ukutani, na sakafu ambayo hata ipigwe deki mara ngapi haiishi vumbi jeupe. Ukitaka kujua ni nani anafanya kazi humo, tazama viatu. Vyangu na vyake ni vyeupe, na vyote vilinunuliwa vyeusi.

Bwana Plasta hakuja hospitalini kufunga watu. Alikuja kupiga lipu ukuta. Alikuwa kijana wa ujenzi, na siku hiyo alikuwa juu ya ngazi, mwiko mkononi, akiziba nyufa za chumba hiki hiki. Chini yake fundi wa zamani wa plasta alikuwa akihangaika na mtoto aliyevunjika mguu, mtoto anayepiga kelele kama ameonyeshwa kisu. Nesi aliyenitangulia ndiye aliyenisimulia haya, na hakuwa mtu wa kutia chumvi. Anasema yule kijana wa lipu aliinama kutoka juu ya ngazi akauliza, "Wewe, unajua kwa nini kobe hana nywele?" Mtoto akanyamaza, maana swali hilo hakuwa amelitarajia. Kijana akaanza kusimulia hukohuko juu. Hadithi ilipokwisha, plasta ya mguuni ilikuwa imekauka, na lipu ya kwenye mwiko pia.

Mzee wa plasta akamwambia, "Shuka. Ukuta utapata mtu mwingine." Akashuka. Akasomeshwa, akapata cheti, na mpaka leo ukuta ule una sehemu moja ambayo haikumaliziwa. Wageni wakiuliza, tunawaambia ni ramani.

Mwanzoni sikumpenda, nasema wazi. Nilitoka wodi ya upasuaji, kwenye watu wanaoongea kwa kunong'ona, nikamkuta mtu mzima anamwambia mtoto wa watu kwamba fisi aliazima meno. Nikasema moyoni, huyu ni mpiga domo tu, hospitali imekosa watu. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa kwamba yule bwana alikuwa kazini kila neno alilosema.

Bandeji ya plasta ikitoka kwenye maji ni laini kama unga uliokandwa. Baada ya dakika chache inaanza kushika. Hapo katikati ndipo penye kazi, kwa sababu mgonjwa akitikisika, plasta inapasuka na mfupa uliorudishwa mahali pake unateleza tena. Mtu mzima unaweza kumwambia "tulia" akatulia. Mtoto ukimwambia "tulia" umemkumbusha kutikisika. Dawa ya maumivu hupunguza, haimalizi. Kinachobaki ni kumpa kitu cha kumshika ambacho si mikono yangu.

Maji ya baridi huchelewesha plasta, ya uvuguvugu huiharakisha. Kwa hiyo kabla ya kujaza ndoo, Bwana Plasta humtazama mgonjwa usoni, halafu hutazama picha ya eksirei, kisha huniambia, "Dada, maji ya baridi leo. Hii ni hadithi ndefu." Mfupa mgumu kunyoosha unahitaji muda, na muda unahitaji hadithi ya kuujaza. Hadithi zake zote nazijua kwa dakika. Ya fisi na meno ni dakika nne. Ya ndege aliyekataa kuimba ni sita. Ya kobe aliyeleta moto hufika tisa, na hiyo ni ya mikono iliyovunjika vibaya.

Na kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawajui, kwamba plasta inaposhika hupata joto yenyewe. Haiunguzi, lakini mtoto asiyeambiwa hudhani mkono wake umetiwa jikoni. Bwana Plasta hulifanya joto lile litokee ndani ya hadithi. Dakika anayojua kwamba linakuja, jua linachomoza, au mtu anawasha moto, au fisi anasogelea chungu. Mtoto anasema, "Hata mimi nasikia joto!" na badala ya kuogopa anafurahi, kana kwamba amealikwa ndani.

Mengine alijifunza kwa kuumia. Mwaka wangu wa pili, mpishi wa hospitali, mwanamume wa kilo mia na ushee, alianguka kwenye ngazi za stoo akavunjika mguu. Bwana Plasta akaanza na ya fisi aliyekwenda harusini amevaa suruali ya kuazima. Mpishi alicheka. Kwanza tumbo, halafu paja, halafu kitanda. Plasta ikapasuka kutoka kifundo hadi goti, na mimi nikavunjika mbavu kwa kicheko wakati nilipaswa kushika. Tangu siku hiyo tuna sheria. Kuchekesha ni baada ya plasta kugongwa kwa kidole na kulia ko ko. Kabla ya hapo, msikilizaji anaruhusiwa kushangaa, kuogopa kidogo, na kutaka kujua. Kutaka kujua ndiyo bora kuliko vyote, kwa sababu mtu anayetaka kujua hata kupumua anasahau.

Na mafunzo hasemi. Kuna watu husimulia hadithi ili tu wafike mwisho waseme "hadithi hii inatufundisha". Yeye hilo halitaki kabisa. "Mafunzo ni kama sindano, dada," aliniambia. "Mtoto akiiona mapema anakimbia." Badala yake humuuliza mtoto vitu vidogo. Kwenu mlango una rangi gani? Kijani. Basi fisi anagonga mlango wa kijani. Jirani yenu anafuga nini? Bata. Basi fisi anapita kwa bata kwanza. Mkewe, ambaye hunitania kwamba mumewe anaishi na mimi na kwake huja kulala, anasema hata nyumbani hawezi kusimulia bila kukanda kitu, kwa hiyo kwao mikate ni mingi na hadithi ni nyingi.

Ndiyo mtu mwenyewe. Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikae chini kuandika.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi. Aliletwa msichana wa miaka tisa aliyeanguka kutoka ukuta wa shule akavunjika mifupa yote miwili ya mkono wa kulia, chini ya kiwiko. Alikuja na bibi yake, mama mmoja mwembamba, kitambaa kichwani, mkoba umekumbatiwa kifuani. Daktari wetu wa mifupa alikuwa mpya, binti mdogo kwa umri na mkubwa kwa elimu, wiki yake ya kwanza kwetu. Mtoto alipigwa sindano ya maumivu, daktari akavuta, mifupa ikakaa sawa. Kila kitu kilikuwa vizuri.

Bwana Plasta ana namna yake ya kuanza. "Mkono umelala?" akauliza.

"Umelala," akajibu mtoto.

"Basi hadithi na iamke."

Akachagua ya kobe. Kila mtu anaijua. Zamani wanyama hawakuwa na moto, moto ulikuwa kwa kizee mmoja juu ya kilima. Akatumwa swala, akachukua kaa la moto akakimbia, upepo wa mbio zake ukalizima. Akatumwa sungura, yakawa yaleyale. Mwisho akatumwa kobe, naye akafika nalo likiwaka kwa sababu alitembea polepole. Hadithi fupi hiyo, lakini mkononi mwa anayejua ina nafasi ya kutosha.

Lakini siku ile kulikuwa na daktari mpya chumbani, na Bwana Plasta ni binadamu. Alitaka aonekane. Alipofika kwa kobe akatazama upande wa daktari, akasema, "Kobe akawaambia, nyie hamna akili, akaingia uani akatoka na pikipiki!" Daktari akacheka. Mimi nikamtazama mtoto, nikaona mambo yameharibika.

"Uongo!" mtoto akapaza sauti, na kama afanyavyo darasani mwalimu akikosea ubaoni, akainua mkono. Mkono wa kulia. Ule ule. "Kobe hana pikipiki! Angekuwa na pikipiki wangemtuma wa kwanza!"

Plasta ilipasuka pale pale kwenye kifundo. Nilisikia kwa vidole kabla ya masikio.

Picha ya pili ilionyesha mifupa imeteleza. Ikabidi kuvutwa upya. Daktari alikuwa amekunja uso, na haki yake. "Mzee, safari hii bila hadithi," akasema. Tukafanya kazi kwa ukimya. Saa ya ukutani ilisikika, maji ya sinki yalisikika, na mtoto naye hakuwa na la kufanya ila kusikiliza mkono wake mwenyewe. Joto lilipokuja likamkuta peke yake. "Inaniunguza!" akapiga kelele, akauvuta mkono kwa nguvu ambazo sikujua mtoto wa umri ule anazo. Mara ya pili tukashindwa.

Mkono ulikuwa umeanza kuvimba. Daktari akaamuru ufungwe ubao mwepesi na bandeji, ukaning'inizwa shingoni, na akatoka koridoni kuzungumza na bibi. "Alhamisi tutajaribu mara moja zaidi," akasema. "Ikishindikana, mama, itabidi apelekwe hospitali kubwa, apasuliwe mkono, awekewe chuma ndani ili mifupa ishikane."

Bibi aliingia chumbani akamchukua mjukuu wake. Wakakaa kwenye benchi.

Nilirudi chumbani nikimtafuta Bwana Plasta nimwambie kasoro zake zote, na nilimwambia. "Pikipiki! Na umri huo! Mtoto wa watu anakwenda kuchanwa mkono kwa sababu ya pikipiki yako!" Alikuwa anaosha beseni.

"Nilikuwa nauza sura, dada," akasema. Kisha akafuta mikono akatoka.

Nilidhani amekwenda kuvuta hewa. Nilipopita na sinia la vifaa nikamkuta kwenye benchi, karibu na dirisha la dawa, amekaa kando ya bibi. Mjukuu alikuwa amesinzia kwa sindano, kichwa kwenye paja la bibi yake. "Mama," Bwana Plasta alikuwa anasema, "huyu anaijua ile ya kobe, nadhani kwako. Nakuomba unisimulie. Hivyo hivyo unavyomsimulia yeye."

Yule mama alimtazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Lakini alisimulia. Nilipita mara tatu, na kila nikipita nilimkuta Bwana Plasta ameinama, mikono katikati ya magoti, anasikiliza kama yeye ndiye mwenye miaka tisa. Kwa bibi, kobe halibebi kaa mgongoni. Analitia ndani ya ganda la konokono, na ganda analishika mdomoni. Kwa hiyo njia nzima hawezi kusema. Wanyama wanamsalimu, yeye hawajibu, na wao wanaanza kumsengenya kwamba tangu atumwe na wakubwa amekuwa na kiburi.

Jioni tukifunga chumba akaniambia alichokiona. "Mlango wa kijani hauharibu kitu, dada. Bata wa jirani hawaharibu kitu. Hata kobe ukimvalisha koti, sawa. Lakini nilimpa pikipiki nikamwondolea tabu. Sasa watu wasikilize nini? Hadithi yote ni ile tabu yake ya njiani." Akatikisa kichwa. "Na yule mtoto aliliona kabla yangu. Wangemtuma wa kwanza! Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye kazi hii, sijawahi kusahihishwa vizuri hivyo."

Tangu hapo tukampa mtoto jina. Tukamwita Mwalimu Mkuu.

Alhamisi asubuhi, kabla ya wagonjwa, Bwana Plasta aliingia ofisini kwa daktari, nami nikamfuata bila kuitwa, maana nilitaka kuwepo akikataliwa. "Daktari, naomba hadithi moja," akasema. "Nitaisema ilivyo."

"Na akiinua mkono tena?"

"Hatainua. Sitamdanganya."

Daktari alizungusha kalamu. Mimi mdomo ulikuwa unaniwasha, lakini niliuuma. Mwisho akasema, "Kwa hadithi ulishindwa wewe. Bila hadithi nilishindwa mimi. Kwa kweli sina cha kukukatalia, mzee. Lakini mtoto huyu sitaki kabisa kumpeleka kwenye kisu bila sababu."

"Mimi pia," akasema Bwana Plasta.

Maji aliyajaza mwenyewe, kutoka bomba la nje, yale yanayotia ganzi vidole. Mtoto akalazwa. Uso wake ulikuwa mdogo siku ile kuliko Jumatatu. Alikuwa amejua habari ya chuma, kwa sababu watoto hujua kila kitu. Daktari akavuta, mtoto akauma meno, mifupa ikaingia. Mimi nikaweka kiganja changu chini ya kiwiko chake. Bwana Plasta akachovya bandeji ya kwanza, mapovu yakapanda, akaikamua taratibu.

"Mkono umelala?"

"Umelala."

"Basi hadithi na iamke. Lakini kwanza, Mwalimu Mkuu, nisamehe. Juzi nilisema uongo. Kobe hakuwa na pikipiki."

"Najua," akasema mtoto.

Akaanza. Wanyama, giza, kizee, kilima. Hakuharakisha. Swala akakimbia na kaa likazima, na Bwana Plasta akaeleza ule moshi mdogo wa mwisho mpaka niliunusa. Alipofika kwa kobe akasema, "Akaokota ganda la konokono. Mlango wa kizee ulikuwa rangi gani?"

"Buluu," mtoto akasema kwa midomo tu. "Kama wa kwetu."

"Akatoka kwenye mlango wa buluu, kaa ndani ya ganda, ganda mdomoni. Akakutana na twiga. Twiga akasema, habari za asubuhi, kobe? Kobe kimya. Twiga akasema, mwoneni! Katumwa mara moja tu, tayari ana kiburi."

"Si kiburi," akanong'ona mtoto. "Ana moto mdomoni."

"Wewe unajua. Twiga hajui."

Nikaona macho yake yanabadilika. Alikuwa ameijua hadithi hii tangu hajaota meno, na bado alikuwa ameikamata kwa nguvu, kwa sababu safari hii siri ya kobe walikuwa nayo wawili, yeye na kobe. Akaja nguruwe, akamsalimu, akamsema. Akaja punda. Bandeji ilikuwa imezungushwa mara ya mwisho, Bwana Plasta alikuwa analainisha kwa viganja, juu na chini, juu na chini, kama alivyokuwa akilainisha ukuta zamani. Mimi nikatazama saa. Joto lilikuwa njiani.

"Ganda likaanza kupata moto," akasema.

Mtoto akakodoa macho. Nikahisi msuli mmoja unashtuka chini ya kidole changu, ukatulia. Daktari aliyeshika vidole vya mtoto akanitazama.

"Babu," mtoto akasema. "Kobe alilia?"

Hilo halikuwemo. Kwa bibi halikuwemo, kwake halikuwemo, sijalisikia kwa mtu yeyote. Kobe katika hadithi zote anatembea tu na anafika. Kwa miaka kumi na minane sijamwona Bwana Plasta amekwama, na siku ile alikwama. Mikono yake ilisimama juu ya plasta. Akisema hapana, kobe alikuwa jasiri, mtoto yule atabaki peke yake na machozi yake na atapigana nayo kwa mkono wote. Akileta utani, tumbo litatikisika. Niliyaona hayo yote.

"Alilia," Bwana Plasta akasema. "Alilia sana. Maana ilikuwa inauma, na njia ilikuwa ndefu. Lakini angefungua mdomo, moto ungeanguka. Kwa hiyo alilia kwa macho peke yake. Miguu ikaendelea kwenda."

Mtoto akafumba mdomo. Machozi yakaanza kumtoka pembeni mwa macho, yakaingia masikioni, mengi, bila sauti hata kidogo. Chini ya kiganja changu, kiwiko hakikusogea hata unene wa ukucha. Bwana Plasta akamtembeza kobe wake taratibu, mti kwa mti, kelele za masengenyo nyuma yake, na hakuna aliyemkimbiza. Nami nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa macho, mikono yangu ilikuwa kazini.

Kobe akafika. Akalitua ganda chini, akapuliza, moto ukawaka, na twiga, nguruwe na punda wakaona machozi yaliyokauka mashavuni mwake, wakaelewa kwa nini hakuwajibu salamu. Bwana Plasta akakunja kidole akagonga plasta. Ko, ko, ko. Ngumu kama ukuta.

"Amefika?" mtoto akauliza.

"Amefika. Sasa unaweza kupiga kelele ukitaka."

Hakupiga. Aliomba maji ya kunywa.

Picha ya eksirei ilikuja baada ya robo saa. Daktari aliibandika kwenye kioo chenye taa, na mifupa yote miwili ilikuwa imenyooka, imelala sambamba, safi. Hakuna chuma. Bibi alipoambiwa alisema "Asante" mara moja tu, kisha akageukia ukuta kwa muda mrefu. Daktari akaketi kuandika kwenye faili, na mimi, mambo ya watu hayanipiti, nikachungulia juu ya bega lake. Alikuwa ameandika: maji ya baridi, hadithi moja nzima, mgonjwa alitulia. Akaona nachungulia. Akaniambia kuanzia wiki ijayo wanafunzi wa udaktari watakuwa wanakuja chumbani kwetu kusikiliza, na hakumaanisha mapigo ya moyo. Nilitoka mle nimevimba kichwa kana kwamba ni mimi niliyesimulia.

Wiki sita baadaye walirudi kutolewa plasta. Msumeno mdogo ukanguruma, mkono ukatoka mwembamba, umepauka, umenyooka. Mwalimu Mkuu akaukunja, akaukunjua, akakimbilia koridoni kumwonyesha mtoto mwingine aliyekuwa anasubiri zamu yake, na kabla hatujafagia vumbi tukamsikia anamsimulia ya kobe, kwa sauti ya mwalimu kweli kweli, na kobe wake alikuwa analia kwa macho peke yake.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza huku anatabasamu. "Hiyo hadithi, nesi," akaniambia, "kwetu tumeipokea hivyo hivyo tangu mababu. Kobe alitembea analia, mdomo kaufumba. Watu wengine wanaruka hapo kwa sababu hawajui kusimulia."

Nilishika kiuno. Mababu gani! Ni hapa, kwenye kitanda hiki, Alhamisi ile, nilikuwepo! Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, nilitaka mtu wangu apewe haki yake mbele za watu, na nikahisi kiatu chake cheupe kinanikanyaga mguu, kwa nguvu. Nikamgeukia. Nimemwona siku alipopewa barua ya sifa na mganga mkuu, nimemwona siku binti yake alipohitimu, lakini sijamwona na uso kama ule. Alikuwa anang'aa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba haki yake alikuwa ameshapewa, na hakuna kubwa zaidi ya hiyo.

"Ni kweli, mama," akamwambia. "Hapo hapafai kurukwa."

"Ukitaka nitakufundisha vizuri," bibi akasema. "Naona unaipenda, ila bado hujaishika sawasawa."

"Nifundishe, mama," akasema Bwana Plasta, akavuta kiti, akakaa.